Sema kabla ya lipu

Maneno yaliyosemwa asubuhi mbele ya mafundi ujenzi, saidia fundi na wanafunzi wa ufundi, Mwanza.

Mwangaluka, wazee wa kazi. Mwangaluka, vijana. Naona saidia fundi mmekaa nyuma kama kawaida yenu. Sogeeni mbele, viti vipo, maana mengi ya leo ninyi huyaona kabla ya fundi mwenyewe.

Mada ni kukosea. Zege letu linachanganywa juani, kwa makoleo, na watu waliochoka. Mchanga wa tripu ya leo haufanani na wa juzi, na kokoto zimegongwa kwa mkono na akina mama kule kwenye miamba, nyingine kubwa kama yai, nyingine unga. Fundi anayesema hajawahi kukosea katika hali hiyo, ama hajajenga, ama hajarudi kuangalia alichojenga. Kwa hiyo sikuja kuwaambia msikosee. Nimekuja na jambo moja: kosa la zege lina saa yake. Zege likiwa bichi, unalirekebisha kwa mwiko. Kesho yake, kwa nyundo na tindo. Baada ya mwezi, kwa injinia na fedha nyingi. Likishapigwa lipu, limehamia kwa watu watakaolala ndani ya nyumba ile, na wao mwiko hawana.

Tufanye hesabu kwanza, maana wengi wananyamaza kwa kuogopa gharama ambayo hawajawahi kuipiga. Nguzo ya nyumba ya kawaida, sentimita 23 kwa 23, urefu mita 3, ina zege la mita za ujazo 0.16. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, mita moja ya ujazo inakula mifuko 8 hivi ya saruji. Basi nguzo nzima, kutoka chini hadi juu, imekula mfuko mmoja na robo, mchanga ndoo tatu na kitu, na kokoto ndoo saba ambazo hazijai. Ukiivunja asubuhi ya pili, vijana wawili wenye nyundo wanaimaliza kabla ya saa sita mchana, na nondo zikipigwa brashi vizuri, bila kupindwa, zinabaki palepale. Mfuko mmoja na robo na posho za siku moja: ndiyo bei ya kusema ukweli siku hiyo. Subiri imwagiwe mkanda juu, ile boriti ya zege inayozunguka nyumba, iezekwe, ipigwe lipu na rangi, halafu urudi kuivunja. Sasa unanunua mirunda, yaani miti ya kuegemezea, unashusha vitu vya watu, unavunja lipu ya vyumba viwili, na mwenye nyumba amesimama mlangoni na wakili au na mjomba wake mwanajeshi, sijui yupi mbaya zaidi.

Sasa tuiangalie hiyo nguzo kwa karibu, asubuhi ya kufungua boksi, zile mbao zilizoshika zege lilipokuwa bichi.

Kabla hujabandua ubao wa pili, tazama chini, sentimita 30 za mwanzo juu ya msingi. Hapo ndipo matundu hupenda kukaa, zile kokoto zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe bila uji wa saruji, kama sega la nyuki. Usikimbilie kuuliza utaziba vipi. Uliza kwanza yametoka wapi, kwa sababu kila chanzo huacha alama yake. Ukiona michirizi ya uji uliokauka nje ya boksi na matundu yamefuata mstari wa maungio ya mbao, boksi lilivuja. Ukikuta kokoto zimerundikana chini lakini nje hakuna mchirizi, zege lilimwagwa kutoka juu kabisa: mawe yalitangulia, uji ukabaki umenata njiani kwenye nondo na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizungushia nondo. Dawa yake kwa nguzo inayofuata ni kuacha dirisha kwenye boksi katikati ya urefu, ujaze nusu ya chini kupitia hapo, ulifunge, ndipo uende juu. Zege lisidondoke zaidi ya mita moja na nusu. Matundu yakiwa yametawanyika kwa matabaka, kila baada ya sentimita 40 au 50, hapo hakuna aliyeshindilia: walijaza ndoo tatu wakapiga soga, wakajaza tatu nyingine. Na yakiwa pale tu nondo za chini zinapopishana na za juu, kokoto ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyokuwepo. Hapo mwenye kosa si mchanganyaji, ni aliyekubali kokoto za inchi moja na nusu zishushwe saiti.

Chukua nyundo ndogo, ugonge kuanzia chini ukipanda. Zege zima linajibu ti, ti, kavu, na nyundo inakurudia mkononi. Lililo na uwazi ndani linajibu bu, na nyundo inakaa. Zungushia chaki pale sauti inapobadilika. Kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 8 iliyochongoka, ukidunge tundu lililo kubwa kuliko yote. Kikiishia ndani ya sentimita mbili na nusu, na nondo za nguzo hazionekani, ni kidonda cha ngozi. Nondo zikionekana, kimefika nyama. Kipande kikizama zaidi ya theluthi ya upana wa nguzo, au kikatokea upande wa pili, acheni majadiliano, nguzo inavunjwa.

Na hapa ndipo penye jaribu. Saruji kavu kidogo kwenye karai, maji, sponji, na kwa dakika kumi nguzo inang'aa kuliko zote. Kila mtu hapa anajua kuifanya, na inafanywa kabla mwenye nyumba hajaamka. Ile ngozi ya milimita mbili haibebi chochote. Inachofanya ni kuzuia macho, huku nyuma yake hewa na unyevu vikiifikia nondo. Nondo ikipata kutu inavimba, inasukuma zege nje, na miaka michache baadaye lipu inapasuka kwa mstari ulionyooka wima, sawasawa na nondo ilipo. Mkiona ufa wa wima wa namna hiyo kwenye kona ya nguzo, na rangi ya kahawia inachuruzika, mjue mnaitazama sponji ya mtu.

Ukarabati wenyewe hauhitaji dawa ya ng'ambo. Ngoa kwa tindo kila kokoto inayocheza mpaka ufike kwenye zege linalojibu ti. Kingo za shimo zikate mraba, usiziache zimechongoka kuelekea nje kama sahani, kwa sababu kiraka chembamba pembeni hukauka haraka na kubanduka. Nondo ikishaonekana, chimbua na nyuma yake mpaka vidole viwili vipite, ili zege jipya liishike pande zote. Kiraka kilichogusa uso wa mbele tu wa nondo hakijashika kitu. Piga brashi ya waya, osha, kisha funga gunia lenye maji usiku kucha. Asubuhi ondoa gunia, usubiri mpaka uso uwe na unyevunyevu lakini haung'ai maji. Zege la zamani likiwa kavu litanyonya maji ya kiraka. Likiwa na maji yanayotiririka, kiraka kitateleza. Paka uji mzito wa saruji na mchanga laini, kipimo kimoja kwa kimoja, kwa brashi, ukiusugua uingie. Kisha ujaze palepale uji ukiwa bado bichi. Hili hukosewa sana: fundi anapaka uji, anaenda kunywa chai, anarudi umekauka. Uji uliokauka ni kitenganisho, afadhali usingepaka.

Shimo la kina kifupi lijaze kwa mota ya saruji moja kwa mchanga tatu, ngumu kiasi kwamba ukiifinyanga kiganjani inabaki na alama za vidole, na uishindilie kwa kipande cha ubao, tabaka kwa tabaka. Shimo la kupita nyuma ya nondo halijazwi kwa mwiko. Lifungie boksi lenye mdomo, yaani ubao wa mbele uinamishwe nje uwe kama mdomo wa birika, mdomo uinuke sentimita 10 juu ya ukingo wa shimo. Tengeneza zege la kokoto ndogo za milimita 10, limimine mdomoni, gonga boksi pembeni mpaka hewa itoke na zege lipande. Usipouweka mdomo, zege litatulia na kuacha mwanya juu kabisa, mahali ambapo mzigo unatakiwa kupita. Kesho yake fungua, ile ziada ya mdomoni ikate kwa tindo kutoka chini kwenda juu, usiivunje kwa kuivuta. Funga gunia, mwagilia siku 7.

Nimeruka jambo moja makusudi ili nilipe nafasi yake. Kabla ya tindo ya kwanza, jiulize nguzo hii inabeba nini sasa hivi. Kitu kilichokosewa bado kinafanya kazi. Nguzo mbovu inayobeba mkanda inaubeba, vibaya, lakini inaubeba, na ukiichimbua bila kuuegemeza mkanda umeondoa hata kile kidogo kilichokuwepo. Mirunda kwanza, pande zote mbili, imesimama juu ya ubao, si juu ya udongo mtupu, na kabari zimepigwa mpaka mrunda ulie ukiugonga. Watu wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa hilo kwa mbali. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipopinduka, ilibaki ikielea kichwa chini, na watu walio hai walikuwa ndani wakigonga chuma. Wakaaji wengi wa mji huu wana ndugu katika orodha ile, kwa hiyo nasema kwa heshima. Meli ilitobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikatoka, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia juu. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwenye tindo mkononi naye ana nia njema.

Sasa niende kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote katika ghorofa hizi zinazopanda milimani kwetu, Bugando, Igogo, Kirumba, kila mtu akitafuta kuliona ziwa: kibaraza kinachotokeza bila nguzo chini.

Shika muwa kwa mkono mmoja, mwambie mtoto auning'inie upande wa pili. Nyuzi zinazoanza kuachia ni za juu. Kibaraza kinachotokeza hufanya hivyohivyo, kinavutika juu, pale kinapotoka ukutani. Nondo zake kubwa zinakaa juu. Slabu ya chumbani, iliyolala juu ya kuta mbili, inavutika chini, na nondo zake zinakaa chini. Fundi aliyemwaga slabu ishirini za vyumba mikono yake imeshazoea chini, na siku ya kibaraza inaweka chini. Au ameziweka juu sawasawa, halafu vijana wa matoroli wakapita juu yake asubuhi nzima mpaka zikalala. Slabu ya sentimita 15 yenye nondo zilizozama sentimita 5 kutoka mahali pake imepoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wake, na ukiitazama kwa nje huoni tofauti yoyote. Inasimama. Inapigwa vigae. Watoto wanachezea hapo. Halafu siku ya msiba au ya kipaimara watu thelathini wanatoka kwenda kupunga upepo.

Dalili ipo, lakini ni ya siku chache tu. Mirunda ikitolewa, upande wa juu, sambamba na ukuta, unatokea ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, ama ukiwa na shaka tu kwamba nondo zilikanyagwa, usingoje vigae. Karibu na ukuta, upande wa juu, chonga mfereji sambamba na ukuta, urefu sentimita 30, kina sentimita 4. Kama nondo zilifungwa kila sentimita 15, lazima ukutane na mbili. Usipokutana nazo, rudisha mirunda siku hiyohiyo, kabla ya kula, funga mlango wa kutokea kibarazani kwa misumari, na mwite injinia. Usiongeze zege juu pamoja na wavu wa chuma ukasema umeimarisha. Umeongeza mzigo kwenye kitu kilichokuwa kinashindwa na uzito wake chenyewe. Injinia ataamua kivunjwe au kiwekewe nguzo chini. Kikimwagwa upya, nondo za juu ziingie ndani ya slabu ya chumba angalau mara moja na nusu ya urefu unaotokeza, zikae juu ya viti vya nondo vilivyofungwa, yaani vipande vya nondo vilivyokunjwa vya kuzishikilia juu, watembeaji wapite juu ya mbao, na mirunda ikae siku 28. Ndiyo, 28, hata kama mirunda ni ya kukodi na mwenyewe anapiga simu kila siku.

Makosa mengine ni madogo na nitayapita haraka. Maji: kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 ni mwisho, na mchanga ukiwa umenyeshewa zipungue. Anayeongeza ndoo nusu ili zege liteleze vizuri anaweza kuondoa theluthi ya nguvu yake kwa mkono mmoja. Ukilikuta limeshakuwa uji na bado liko chini, ongeza saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano uleule, ndani ya nusu saa. Likishapita saa moja na zaidi juani, lipelekwe kwenye jamvi la choo cha nje, si kwenye bimu. Mchanga: ziwa letu ni la maji baridi, hatuna shida ya chumvi ya wenzetu wa pwani, shida yetu ni tope. Weka mchanga kwenye chupa inayoonyesha, ufike sentimita 10, ongeza maji yenye chumvi kijiko kimoja, tikisa, uache saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi milimita 8, mchanga uoshwe au urudi ulikotoka. Nondo: ile ya milimita 12 yenye urefu kamili wa mita 12 ina kilo 10.66. Ukipima ukakuta kilo 9, umeuziwa nyingine. Mwambie mwenye nyumba siku ya kupokea mzigo, kwa sababu siku ukishaifunga, kosa la duka limekuwa lako. Na slabu inayomwagwa saa nane mchana, upepo wa ziwa ukipuliza juu yake, itapasuka nyufa ndogondogo kabla ya jioni. Zikiwa bado bichi zisugue upya kwa mwiko wa mbao, ufunike kwa nailoni. Kesho yake mwiko hausaidii tena.

Ufa wa ukuta una mambo yake. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi anapaswa kuisoma kwa tahadhari, kwa sababu ufa uliozibwa bila kujua umetoka wapi humjengesha mtu ukuta vilevile, na msingi juu yake. Mwanza viwanja vingi nusu ni mwamba nusu ni udongo. Nusu ya nyumba iliyo juu ya jiwe haiendi popote, na ile nyingine inashuka polepole, hasa masika, na ufa unafunguka pale jiwe linapoishia. Kule kwenye udongo mweusi wa mbuga, ufa hufunguka kiangazi ukajifunga mvua ikinyesha. Kabla ya kuziba, bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, pande zote mbili kwa saruji, uandike tarehe ukutani kwa kalamu. Kioo kikikaa kizima kiangazi na masika, ziba. Kikivunjika, ufa unatembea, na kazi iko chini, si ukutani. Kuchimba chini ya msingi ni kwa vipande vya mita moja, unachimba kimoja unaruka viwili, unajaza zege, unasubiri likomae, ndipo unarudi kwenye ulivyoviruka. Anayefukua upande mzima kwa siku moja ili amalize mapema ataimaliza nyumba pia.

Baki moja: kusema. Wengi wetu kuchimbua nguzo tunajua, mdomo ndio mzito. Basi nitawapa maneno yenyewe, kama mtu anavyopewa vipimo.

"Shikamoo mama. Naomba uje saiti leo kabla ya saa kumi, kuna nguzo nataka uione kwa macho yako kabla sijaigusa. Ni ile ya kona ya jikoni. Tumefungua boksi tumekuta matundu chini, urefu wa kiganja, nondo mbili zinaonekana. Kosa ni letu, zege tulilimwaga kutoka juu. Tutachimbua, tutajaza upya. Nusu mfuko wa saruji na siku mbili za vijana, zote juu yangu. Mkanda uliokuwa umwagwe Alhamisi utakuwa Jumanne."

Sikilizeni kilichomo: mahali, ukubwa, chanzo, dawa, nani analipa, ratiba imesogea kiasi gani. Sikilizeni na kisichokuwemo. Hakuna "bahati mbaya", hakuna "si kitu, mama, ni kawaida", hakuna "vijana wa siku hizi". Swali lake la kwanza litakuwa: ni hatari? Jibu unalolijua. Kama umedunga na kipande kimeishia sentimita 4, mwambie sentimita 4, umwonyeshe kipande chenyewe. Kama hujui, sema unamwita injinia, na umwite. Piga picha na futi ikiwa imesimama pembeni ya kidonda, kabla, katikati na baada, umtumie zote. Baadaye akija mtu mwingine kumwambia fundi wako alikuibia, ana ushahidi wako simuni mwake. Na iandikwe kwenye daftari la saiti: tarehe, hali ya hewa, mifuko mingapi, nani alichanganya, zege lilikwenda wapi.

Halafu kuna wa pili wa kuambiwa, na huyu tunamsahau. Mwaka 1978, mjini New York, mhandisi William LeMessurier aligundua kwamba jengo lake mwenyewe la ghorofa 59, Citicorp Center, lililosimama juu ya miguu iliyowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye kona, lingeweza kuangushwa na upepo mkali, kwa sababu maungio ya vyuma vyake yalifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Angeweza kukaa kimya. Aliwaambia wenye jengo. Wachomeleaji wakaingia usiku, wiki kwa wiki, wakafunika maungio kwa vyuma vya unene wa sentimita 5, huku kimbunga kikinyemelea baharini. Wanafunzi wa uhandisi hufundishwa habari hiyo kama mfano wa uungwana, na ni kweli. Lakini makarani waliokuwa wakipanda lifti kila asubuhi na watu wa mitaa ya jirani hawakuambiwa. Habari ilitoka hadharani mwaka 1995. Kwetu, hao ndio wapangaji. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, umempigia simu, amesema "ziba, tutaangalia mwakani", na juu ya kibaraza kuna familia mbili zinaanika nguo. Mpangaji aambiwe asitoke pale, kwa mdomo wako, siku hiyohiyo, hata kama mwenye nyumba atakasirika. Atakasirika.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli: kama bei yako haina nafasi ya kukosea, utaficha, hata uwe mcha Mungu kiasi gani. Ukipatana kazi, tenga fungu la marekebisho kwenye hesabu yako, asilimia 5 ya ufundi, ulipokee baada ya masika ya kwanza kupita juu ya paa. Mwenye nyumba mwenye akili atalipenda hilo, kwa sababu nawe umebaki na sababu ya kurudi kuangalia. Na ninyi wenye vikosi, acheni kumkata posho kijana aliyekuja kusema "fundi, pale ringi tumeruka". Umemkata elfu kumi, umemfundisha kunyamaza kwa maisha yake yote, na atakayelipia kimya hicho si wewe. Kabla ya kumwaga, mpe saidia fundi futi, asome nafasi za ringi kwa sauti kutoka chini hadi juu, kumi na tano, kumi na tano, ishirini na mbili. Akisema ishirini na mbili, mnasimama, mnafungua waya, mnarekebisha, na yeye ndiye anakunywa chai wa kwanza.

Hapo nje, chini ya mwembe, kuna nguzo fupi iliyomwagwa jana jioni, kutoka juu, bila kushindiliwa, makusudi kabisa. Boksi lake halijafunguliwa. Tindo zipo tano, nyundo tano, brashi za waya na magunia yaliyolowana. Saidia fundi watangulie, ndio watakaogonga kwanza. Wazee wa kazi, sisi tutasimama nyuma tusikilize wanasema ni ti au ni bu.